Desturi Njema ni Akiba ya Siku za Mashaka



Swali moja limekuwa likitufikia mara kwa mara, katika mikutano ya akina mama, nje ya kanisa baada ya Misa, na hata matangani: Mkristo afanye nini moyo wake unapokataa kutulia? Wanaouliza hivyo si watu wasiomjua Mungu. Ni mzazi ambaye kijana wake amemaliza chuo na huu ni mwaka wa tatu yupo nyumbani bila kazi. Ni mkulima aliyepanda mahindi mara mbili katika msimu mmoja, na mvua ikamhadaa mara zote mbili. Ni mama anayengoja majibu ya hospitali. Tena zipo habari zinazoingia nyumbani kwa njia ya simu usiku na mchana, za kweli na za uongo zimechanganyika kama mchele na chuya, na mtu akishazisoma usingizi humruka. Wote hawa huambiwa wawe na imani. Nao hujibu, na wana haki ya kujibu hivyo, kwamba imani wanayo, lakini saa nane za usiku hawaioni ilipo.

Katika makala hii twataka kulijibu swali hilo kwa jambo ambalo pengine litaonekana dogo mno. Twaamini kwamba katika siku za mashaka imani ya Mkristo haitafutwi kwanza katika hisia zake. Yatupasa kuitafuta katika mambo anayoyatenda kila siku: kupiga magoti asubuhi, kubariki chakula, kumsalimu jirani, kufagia uwanja, kwenda kanisani siku ya Bwana. Moyo unapotetemeka, desturi hizi hubaki zimesimama, na moyo hupata mahali pa kuegemea mpaka utulie.

Sisi tuliozeeka katika kazi ya ualimu tuliliona jambo hili shuleni kabla hatujalitafakari kanisani. Kila shule ilikuwa na kengele yake, na aghalabu ilikuwa rimu kuukuu ya gari iliyotundikwa mwembeni. Mtoto aliyefiwa na mzazi, akirudi shuleni baada ya matanga, hakusaidiwa sana na wingi wa maneno ya pole. Maneno yalimliza upya mbele ya wenzake. Kilichomsaidia ni kupewa kazi: wiki hii wewe utagonga kengele, au wewe utafuta ubao. Alijua kwamba kipindi kikiisha, shule nzima inamngojea yeye. Mikono yake ilipata cha kushika, na baada ya siku kadhaa macho yake yalianza kurudi kwenye daftari. Huzuni ilikuwapo bado, lakini haikumwangusha.

Wenye hekima wa zamani walilijua hilo. Mwanafalsafa wa Kiyunani Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba hakuna mtu anayezaliwa na wema uliokwisha kukamilika. Mwashi hujifunza kujenga kwa kujenga, na mtu huwa shujaa kwa kutenda matendo ya ushujaa mara nyingi hata yakawa tabia yake. Wazee wetu walisema jambo lilo hilo kwa maneno machache zaidi: samaki mkunje angali mbichi. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuanza kujifunza ujasiri siku ambayo simba yuko mlangoni. Siku hiyo atatumia kile alichokwisha kujiwekea, na kama hakujiwekea kitu, atakuta ghala tupu.

Na tuyaangalie sasa Maandiko Matakatifu. Katika sura ya 6 ya kitabu cha Danieli twasoma kwamba maadui wa Danieli walimshawishi mfalme Dario atie sahihi amri ya siku 30: yeyote atakayeomba kwa mungu au kwa mtu mwingine isipokuwa mfalme atatupwa katika tundu la simba. Danieli alipojua kwamba amri imetiwa sahihi, alikwenda nyumbani kwake. Madirisha ya chumba chake cha juu yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu, naye akapiga magoti mara tatu kwa siku, akamwomba Mungu na kumshukuru. Mwandishi anaongeza neno moja ambalo wengi wetu hulipita haraka: alifanya kama alivyokuwa akifanya siku zote. Hakuongeza sala ili kuwaonyesha maadui zake ushujaa wake. Wala hakupunguza, au kufunga madirisha kwa siku 30 tu na kuyafungua baadaye. Hakuhitaji kutafuta nguvu mpya siku ile, kwa kuwa magoti yake yaliijua njia ya kwenda chini.

Mfano wa pili ni wa Bwana wetu mwenyewe. Luka anatuambia kwamba usiku ule wa kukamatwa Yesu alitoka akaenda Mlima wa Mizeituni kama ilivyokuwa desturi yake. Yohana naye anasema kwamba Yuda alipajua mahali pale, kwa sababu Yesu alikuwa akikutana huko mara nyingi na wanafunzi wake. Ndugu msomaji, hebu tulipime jambo hili. Desturi ya sala ndiyo iliyomwonyesha msaliti mahali pa kumpata. Bwana angeweza kwenda kwingine usiku ule, naye alijua yanayokuja. Lakini alikwenda mahali pake pa sala, na pale aliona uchungu mkubwa hata jasho lake likawa kama matone ya damu. Basi asituambie mtu kwamba mwenye imani haogopi. Bwana mwenyewe alihuzunika hata karibu na kufa. Desturi haikumwondolea uchungu, lakini ilimfikisha mbele ya Baba yake akiwa na uchungu ule, na huko ndiko alikopata nguvu ya kusimama na kuwakabili waliokuja kumkamata.

Mfano wa tatu umo katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Mtume Paulo alikuwa mfungwa ndani ya merikebu iliyopigwa na dhoruba siku 14. Jua na nyota hazikuonekana kwa siku nyingi, na abiria na mabaharia walikuwa wamekata tamaa. Mabaharia walijaribu kutoroka kwa mashua. Alfajiri ilipokuwa inakaribia, Paulo aliwasihi wote wale chakula, kisha akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akaanza kula. Watu 276 walikuwamo merikebuni, na wote wakachangamka, wakala nao. Bahari ilikuwa haijatulia hata kidogo, na merikebu yenyewe ilivunjika baadaye. Paulo alifanya kile ambacho kila Mkristo hufanya mezani kwake, akakifanya katikati ya dhoruba, na kwa tendo hilo dogo watu 276 wakarudiwa na akili zao. Wote walifika nchi kavu salama.

Tukitoka katika Maandiko na kuja katika nchi zetu, tutamkumbuka James Hannington, Askofu wa kwanza wa Kianglikana aliyetumwa kuziongoza kazi za Kanisa katika Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Mwaka 1885 aliondoka pwani, upande wa Mombasa, akaenda kwa miguu kupitia nchi ya Wamasai mpaka Busoga. Mwezi wa Oktoba alikamatwa huko na kufungiwa, naye alikuwa mgonjwa wa homa. Alikuwa na desturi ya kusoma Zaburi, na ya kuandika habari za kila siku katika kitabu chake. Hakuziacha desturi hizo kifungoni. Tarehe 28 Oktoba aliandika kwamba amevunjika nguvu kabisa, na kwamba Zaburi ya 27 imemfariji. Siku iliyofuata aliandika kwamba hapati habari yoyote, lakini Zaburi ya 30 imemtegemeza. Siku hiyohiyo, tarehe 29, aliuawa pamoja na wengi wa wapagazi wake. Hakuandika kwamba hofu imemtoka. Aliandika ukweli wa udhaifu wake, na karibu yake akaandika namba ya Zaburi. Kila mwaka tarehe 29 Oktoba Kanisa humkumbuka, na kwa upande wetu twaona kwamba maandishi yale mafupi ni mahubiri tosha kwa mtu yeyote aliye kitandani akingoja habari zisizokuja.

Hapa ndugu zetu wa Uamsho watatusimamisha, nao wana haki. Tangu Uamsho ulipoenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Uganda, Kenya na kwetu, wametuonya juu ya dini ya mazoea. Wamesema kwamba mtu anaweza kubatizwa, kupewa Kipaimara, kupokea Komunyo kila Jumapili, na moyo wake ukabaki baridi kama jiwe la mtoni. Ni kweli. Nabii Amosi alisema mapema zaidi kwamba Mungu huzichukia sikukuu na nyimbo za watu wanaomwonea maskini. Basi je, tunaposifu desturi, tunakisifu kile ambacho manabii walikikemea?

Twajibu hivi. Manabii hawakuwakemea watu kwa sababu walisali kila siku. Waliwakemea kwa sababu sala zao ziliishia mlangoni. Ndoa nayo ni mazoea ya kila siku: kupika, kuchota maji, kuulizana hali, kungojana jioni. Anayefanya hayo bila upendo ametenda kosa, lakini dawa yake si kuacha kupika. Dawa yake ni kuurudisha upendo ndani ya chungu kilekile. Vivyo hivyo mtu akiona kwamba Sala ya Bwana imekuwa maneno matupu kinywani mwake, asiiache. Aiseme polepole, ombi moja baada ya jingine, mpaka afike kwenye ombi la riziki. Hapo atambue kwamba Bwana wetu hakutufundisha kuomba riziki ya mwaka mzima. Alitufundisha kuomba ya leo, na anayeiomba leo itampasa kurudi kesho.

Tena desturi ina faida ambayo moyo peke yake hauwezi kuipata. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, Askofu Mkuu Thomas Cranmer alipanga Zaburi zote 150 zisomwe kila mwezi, asubuhi na jioni. Kwa mpango huo msomaji hachagui Zaburi ya kumpendeza. Siku ya arusi huenda akakuta Zaburi ya kilio, na siku ya msiba akakuta ya shangwe. Wengine huliona hilo kuwa kasoro. Sisi twaliona kuwa mafundisho. Siku tuliyo na furaha, yupo ndugu yetu anayelia, na Kanisa linatupa maneno yake tuyaseme pamoja naye. Siku tunapolia sisi, yupo mahali fulani anayeimba kwa ajili yetu. Anayesali kwa kufuata hisia zake tu husali peke yake siku zote.

Lipo swali jingine, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Je, ni halali mtu kuwa mtulivu wakati wenzake wanaangamia? Upo utulivu wa mtu aliyefunga mlango, akazima redio, akanywa chai yake, na kumwachia Mungu mambo ya jirani. Huo usiitwe amani ya Kristo. Ni uvivu uliovaa kanzu. Kwa hiyo kila desturi hatuna budi kuipima, na mifano tuliyoitaja inatupa kipimo. Madirisha ya Danieli yalikuwa wazi. Mkate wa Paulo ulimegwa mbele ya watu wote, na wengi wao hawakuwa Wakristo, nao wakala. Desturi njema huacha dirisha wazi. Ikitufanya tusimwone mwenye njaa, imekwisha kuharibika, hata kama ni ya kanisani.

Tulilipata funzo hili kwa vitendo mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mwaka ule serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 nchini, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Jirani zetu wa Kenya walikatazwa kukusanyika makanisani kwa miezi kadhaa. Kwetu makanisa hayakufungwa, lakini wazee wengi na wagonjwa walibaki nyumbani. Nyumba zilizokuwa na sala ya jioni ziliendelea nayo, na watoto walikuwa na saa moja katika siku ambayo haikubadilika. Nyumba zilizoiachia parishi sala zote zilijikuta hazijui pa kuanzia. Ndoo za maji zilizowekwa mlangoni mwa makanisa na maduka nazo zilitufundisha kitu. Kunawa mikono ni tendo dogo la mwili, lakini mwaka ule lilikuwa njia ya kumpenda mzee aliyeketi benchi la mbele. Wengine walinawa kwa hofu na wengine kwa upendo, na maji yalikuwa yaleyale.

Baada ya maelezo hayo, twapenda kupendekeza mambo manne, ambayo hata mtu mwenye shughuli nyingi aweza kuyashika.

Kwanza, asubuhi, kabla ya kushika simu, tushike Sala ya Bwana. Habari za dunia zitangoja dakika tatu. Anayeanza siku kwa habari huileta hofu mbele za Mungu ikiwa imekwisha kukomaa. Anayeanza kwa sala huzisikia habari hizohizo akiwa amekwisha kukumbushwa ni nani aliyeiumba siku.

Pili, kila siku tuifanye kazi moja ya mikono kwa uangalifu wote: kufagia uwanja mpaka pembeni, kuchambua maharage, kumwagilia mchicha, kunyoosha nguo za Jumapili. Wasiwasi huishi katika kesho, lakini ufagio hauwezi kufagia kesho. Tuikabidhi kazi hiyo kwa Mungu kabla ya kuianza, hata kwa neno moja, nayo itakuwa sala.

Tatu, tuzilinde salamu zetu. Wageni husema kwamba salamu zetu ni ndefu mno: umeamkaje, watoto hawajambo, mgonjwa anaendeleaje, shamba je? Lakini ni mara ngapi jirani amejulikana kuwa mgonjwa kwa sababu tu hakuitikia hodi ya asubuhi? Kijana anayempa bibi kizee shikamoo yake kila siku anafanya kazi ya ushemasi, ingawa hajui. Hili ndilo dirisha letu la Danieli, nasi tusikubali lifungwe na haraka za siku hizi.

Nne, jioni, watu wa nyumbani wakiwa pamoja, kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru, jambo moja la kuombea msamaha, na mtu mmoja wa kumwombea. Hata mtoto wa miaka mitano huweza. Na Jumapili ikifika twende kanisani, tuwe tunajisikia kwenda au hatujisikii. Pengine tutakuwa hatuna cha kupokea siku hiyo, lakini aliyeketi karibu nasi atatiwa nguvu kwa kutuona.

Neno la mwisho ni juu ya wale ambao hata haya wameshindwa. Ipo hofu iliyo ugonjwa. Mtu halali majuma mengi, hali, hana hamu ya kuishi. Kumwambia huyo kwamba imani yake ni ndogo ni ukatili. Apelekwe hospitali, kama tunavyompeleka mwenye malaria, na asiachwe peke yake. Akishindwa kusali, wengine wasali kwa ajili yake. Katika sura ya 2 ya Injili ya Marko, mwenye kupooza hakuweza kutembea, wala hatusomi kwamba aliomba lolote. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari, wakamteremsha. Marko asema kwamba Yesu aliiona imani yao. Parishi ambayo watu wake wamezoea kubishiana hodi kila siku haitakosa watu wanne siku itakapowahitaji.

Basi, ndugu, wenye desturi hizi wazishike, na wasio nazo waanze na moja kesho asubuhi. Wasingoje moyo utulie kwanza. Na Mungu wa amani ailinde mioyo yetu na nyumba zetu katika Kristo Yesu Bwana wetu. Amina.